Yu Kongjian, "mshamba" aliyeifundisha miji ya China kunywa maji ya mvua

Mchora Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye chai yake avute kiti. Mods nawaomba msiuhamishie jukwaa la kilimo.

Mimi nimesomea usanifu wa mandhari pale Chuo Kikuu Ardhi. Tangu nimalize, kila nikijitambulisha naulizwa kama nauza miche. Shemeji yangu aliwahi kunipigia simu wiki ya harusi yake nikampangie maua ya meza kuu. Nikaenda, nifanyeje. Leo nataka niwasimulie habari za mtu mmoja wa fani hii ili siku nyingine mkisikia jina la kazi yetu msiwaze ukoka na mitende ya getini tu.

Anaitwa Yu Kongjian. Wachina hutanguliza ukoo, kwa hiyo Yu ndiyo ukoo wake. Alizaliwa 1963 kijijini, jimbo la Zhejiang, karibu na mji wa Jinhua. Familia yake ilikuwa na ardhi zamani, na miaka ile ya Mapinduzi ya Utamaduni kuwa mtoto wa watu waliomiliki ardhi lilikuwa doa. Akakulia shambani, majaruba ya mpunga kila upande, akichunga nyati wa kulimia.

Kuna kisa alikuwa anakirudia kila alipopewa kipaza sauti. Akiwa na miaka kama kumi, kijito cha kijijini kwao kilifurika akatumbukia. Hakuna mtu aliyemtoa. Ukingoni kulikuwa na mierebi na matete, maji yakifika pale yanapungua kasi, akadaka tawi, akapanda juu akiwa hai. Mimi nikisoma kisa hiki huwa nafikiria mitaro yetu ya zege. Kuta wima, laini kama sahani. Mtoto akiteleza humo adake nini?

1980 akaingia Chuo Kikuu cha Misitu cha Beijing. 1992 akaenda Harvard, 1995 akatoka na udaktari wa usanifu, akafanya kazi California miaka miwili. Hapo wengi wetu tungebaki huko huko. Yeye 1997 akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Peking, na 1998 akaanzisha kampuni yake, Turenscape. Sikilizeni hilo jina. "Tu" ni udongo, "ren" ni mtu, na ukiyaunganisha unapata mtu wa udongo. Ila kwa Kichina cha mtaani "turen" ni tusi dogo, kama vile sisi tunavyosema mshamba. Alilichagua akijua.

Alirudi China ikiwa kwenye ujenzi usiolala. Mito inanyooshwa na kufungwa kwa zege, madimbwi yanafukiwa, mabonde yanageuka viwanja vikubwa vya mawe na maua ya kigeni yanayomwagiliwa maji ya bomba. Akaanza kuwasema. Urembo wa aina hiyo aliufananisha na desturi ya zamani ya kuwafunga wasichana wa Kichina miguu ibaki midogo: unapendeza machoni mwa wakubwa, lakini mguu haufanyi kazi tena. Yeye alitaka mandhari yenye miguu mikubwa, ya kukanyaga tope. Watu wakanuna. Wapo waliomwita msaliti, wengine wakasema ni jasusi wa Marekani.

Nanywa maji, narudi.

Zege Halilali

Mkuu, unaandika vizuri ila nikukumbushe kitu. Mimi ni injinia wa barabara, miaka 14 nipo site. Mvua ikinyesha, maji yanatafutiwa njia ya kutoka upesi, basi. Lami haina adui kama maji. Wewe unatuletea habari za kuyatunza mjini kama mtu anafuga kuku?

Na mbu je?

Mama Kibarazani

Mimi nimekaa kwenye mkeka nasubiri sehemu ya pili. Injinia usimkatishe kijana, kama una haraka kamwage zege.

Mchora Ramani

Shikamoo mama. Injinia karibu sana, watu kama wewe ndio nilikuwa nawasubiri.

Barabara yako siigusi. Ila maji unayoyafukuza huku juu yana mwenyeji wake kule bondeni. Mtaro ukiwa mpana na laini zaidi, maji yanafika kwake mapema na kwa wingi. Hujaliondoa tatizo, umelipakia kwenye gari la mwendokasi. Yu alikuwa anauliza swali la mkulima: kwa nini maji yote yakimbie kwa wakati mmoja? Mwenye jaruba hafukuzi mvua. Anainua tuta, anayatuliza, yakizidi anayafungulia yaende kwa jirani taratibu.

Sasa mfano. Harbin, kaskazini kabisa mwa China, baridi ya kutisha. Walikuwa wanajenga kitongoji kipya kinaitwa Qunli, katikati kukabaki ardhioevu ya hekta 34. Ilikuwa imehifadhiwa kisheria, lakini barabara zimeizunguka pande zote nne, maji hayaingii, inakauka ikiwa na kibali chake mkononi. 2009 wakamwita. Mwingine angechora bustani ya kupendeza juu yake. Yeye katikati hakugusa kabisa. Alifanya kazi pembezoni tu: akachimba madimbwi, mengine marefu mengine mafupi kwa kina, na udongo uliotoka humo akaurundika pembeni yake kuwa vilima. Bustani nzima ikavaa mkufu wa mashimo na vichuguu. Maji ya mvua ya mitaa ya jirani yanakuja kwa bomba hadi ukingoni, yanapita kwenye madimbwi, tope linatulia, uchafu unaliwa na mimea, ndipo yanaingia katikati. Kwenye vilima akapanda mibetula, ile miti ya magamba meupe, na juu yake akapitisha daraja la kutembelea watu. Ardhioevu ikafufuka.

Hiyo ndiyo mbinu yake kuu kazini kwake kote. Chimba hapa, rundika hapo hapo.

Kuhusu mbu: kiluwiluwi anahitaji kama wiki moja kwenye maji yaliyotulia hadi aruke. Shimo la kunyonya mvua likichorwa sawasawa linakauka ndani ya siku mbili tatu, mbu hajamaliza darasa. Dimbwi la kudumu linawekewa samaki, na kereng'ende wanakuja wenyewe. Mbu wanaokuuma wewe, injinia, wanatoka kwenye mtaro ulioziba.

Kijiko Njano

Naomba nichangie maana naendesha kijiko. Hilo la kuchimba na kurundika hapo hapo mnaliona dogo. Kwenye site pesa inaliwa na tripu. Kifusi kutoka, lori. Kifusi kuingia, lori. Msanifu akichora udongo usitoke nje ya uzio, bosi ameokoa hela ndefu hata kabla hajapanda mti mmoja. Ningependa kufanya kazi na huyo Mchina.

Ngoro ya Mbinga

Jamani nimesoma hapo kwenye mashimo na vichuguu nikacheka peke yangu ofisini. Hiyo kwetu Umatengoni ni ngoro! Milima ya Mbinga imesimama kama ukuta, na mvua ni kubwa, lakini udongo haujaondoka. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari iliyopishana, unapata miraba kama ya dirisha. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi, kwa hiyo kuta za mraba zinakuwa matuta yenye mbolea ndani na katikati linabaki shimo. Mvua ikija kila shimo linadaka maji yake. Juu ya tuta maharage, msimu unaofuata mahindi.

Bibi yangu hajawahi kuchora ramani.

Mchora Ramani

Dada Ngoro, umenifanyia kazi yangu. Nilikuwa nataka kufika huko. Wapare nao wana ndiva zao, mabwawa ya kukusanya maji mlimani usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Kwa hiyo mtu akisema haya ni mambo ya wazungu, mwambieni hata Yu mwenyewe aliyatoa kwa mababu zake. Harvard alienda kupata lugha ya kuyatetea.

Niendelee na kazi zake maana ndizo zilizoniingiza kwenye fani.

Zhongshan, kusini, kiwanda cha meli kilichofilisika. Kila mtu alitaka kibomolewe. Yeye akaacha reli na winchi zilipo, akaacha magugu yaote kati ya mataruma, akaita bustani. Mwaka 2002 ikapata tuzo Marekani, na Wachina wengi ndipo wakajua kuna fani kama hii.

Shenyang, chuo cha usanifu kimehamia kampasi mpya na hela ya bustani hakuna. Akapanda mpunga! Majaruba katikati ya chuo, maji ni ya mvua yaliyokusanywa, wanafunzi wanasomea kwenye vibaraza vya mraba katikati ya shamba, na siku ya kuvuna wanavuna wenyewe. Mchele ukafungwa kwenye vifuko, wageni wa chuo wanapewa zawadi. Nikisema siku moja chuo fulani hapa kwetu kipande mpunga mbele ya jengo la utawala, watanifukuza na rula yangu.

Halafu Houtan, Shanghai, ya maonyesho ya dunia ya 2010. Ukanda mwembamba wa kilomita 1.7 kando ya mto Huangpu, zamani viwanda. Maji ya ule mto yalikuwa machafu kuliko daraja la tano, na daraja la tano ndilo la mwisho kwa vipimo vya China. Akayapitisha kwenye ukuta wa mawe yakidondoka ili yapate hewa, kisha ngazi za matuta zenye matete na mazao, bwawa baada ya bwawa. Mita za ujazo 2,400 kwa siku, yanatoka yamefika daraja la tatu. Hakuna dawa iliyotiwa. Mgeni anadhani anatembea bustanini, kumbe anatembea ndani ya mtambo.

Na Qinhuangdao, hii naipenda kuliko zote. Kando ya mto Tanghe aliacha vichaka vyote vilivyokuwepo, akaongeza kitu kimoja tu: benchi jekundu la mita 500 linalojipinda kati ya miti, usiku linawaka kwa ndani. Mtu mwingine angefyeka kwanza ndiyo aanze kufikiri.

Zege Halilali

Haya, bustani nimezikubali. Sasa tuongee kiinjinia. Zhengzhou, Julai 2021. Mji ulikuwa umetumia mabilioni kujiita mji sponji, yaani mji unaonyonya mvua badala ya kuifukuza. Mvua ikaja, watu wakafia ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hapo sponji ilikuwa wapi?

Mchora Ramani

Swali la haki, na sitalikwepa.

Kwanza historia fupi kwa wasiojua. Julai 21, 2012 Beijing ilipigwa na mvua iliyoua watu 79. Mji mkuu, una kila bomba linaloweza kununuliwa. Yu alikuwa amepiga kelele miaka mingi, ndipo masikio yakafunguka. Mwishoni mwa 2013 Rais Xi akazitaja hadharani "miji sponji", na 2015 ikachaguliwa miji 16 ya majaribio. Lengo la serikali: asilimia 70 ya maji ya mvua yabaki na kutumika pale pale yanapodondoka, na ifikapo 2030 hilo liwe limefikiwa kwenye asilimia 80 ya maeneo ya miji.

Zhengzhou Julai 20, 2021 ilipata milimita 201.9 ndani ya saa moja. Saa moja, injinia. Dar mwaka mzima tunapata kama 1,100. Watu 14 walikufa kwenye ile njia namba 5 ya treni. Yu alijitetea kwamba tatizo ni utekelezaji: miji mingi ilichukua jina la sponji ikabaki na tabia za zege, wakaweka matofali ya kupitisha maji kwenye vijia na kuita imetosha. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini pia naona wakati mwingine aliongea kama mhubiri, ungedhani matete yatazuia kila kitu. Sponji lina kikomo. Likishajaa, tone linalofuata linamwagika. Mvua kama ile unahitaji bonde, bomba, na tahadhari ya kusimamisha treni mapema, vyote kwa pamoja.

Zege Halilali

Hapo sasa tunaelewana. Mtu anayekubali bomba naweza kunywa naye chai.

Mwana wa Mtongwe

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu, nilitaka kuuliza kuhusu mikoko, kwa sababu hapa kwetu ufuo unaliwa na wawekezaji kila uchao. Huyo bwana alishughulika na pwani?

Halafu msisahau ya hapa nyumbani. Bamburi kulikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, chumvi na jua. René Haller alianza 1971 kujaribu miti, mingi ikafa, mivinje ikashika. Majani ya mvinje yakidondoka hayaozi upesi, basi akaleta majongoo, yakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu, watoto wanakuja kuona viboko. Hakuwa msanifu wa mandhari, alikuwa mtu wa kilimo, lakini ndiyo kazi hii hii.

Mchora Ramani

Ndugu wa Mtongwe, ahsante kwa jongoo. Nitaliiba hilo.

Mikoko ndiyo. Sanya, kisiwa cha Hainan, ukingo wa mto ulikuwa ukuta wa zege na kifusi. Wakauvunja, na kifusi hicho hicho wakakitumia kuunda vidole vya ardhi vinavyoingiliana na maji. Sababu ya vidole ni hii: mche wa mkoko ukipigwa na upepo wa kimbunga na mkondo mkali wa mto unang'oka. Kati ya kidole na kidole maji yanatulia, ila kupwa na kujaa kunaendelea. Mche unapata bahari bila kipigo chake.

Mtoto wa Jangwani

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi nimezaliwa bondeni, Jangwani pale Dar. Desemba 2011 maji yalifika juu ya fremu ya mlango, tukalala juu ya bati, kisha tukapelekwa Mabwepande na mahema. Mama alikuwa anauza vitumbua Magomeni, nauli ikamla mtaji.

Sasa nasikia bonde la Msimbazi litakuwa na daraja jipya na bustani ya mji. Sawa, sipingi. Ninachouliza: hiyo bustani ya nani? Maana nikiona picha zenu za wasanifu, watu waliochorwa wanakimbia na viatu vyeupe. Sijawahi kuona amechorwa mtu anauza vitumbua.

Mchora Ramani

Kaka, umenipiga mahali penyewe na nastahili. Wale watu wa viatu vyeupe ni kweli, wanapakuliwa tayari kwenye mtandao, tunawabandika.

Bonde lile maji yatalidai siku zote, kwa hiyo kuligeuza sehemu ya mji inayoruhusiwa kulowa naona ni busara. Jinhua kwao Yu alifanya hivyo: bustani ya Yanweizhou, walivunja ukuta wa kuzuia mafuriko wakaweka matuta ya ngazi yenye nyasi, kila mwaka maji yanapanda yanafunika, yakishuka yanaacha rutuba, na watu wanavuka kwa daraja refu lililonyanyuliwa juu. Lakini pale Yanweizhou hapakuwa na maelfu ya familia kama Jangwani. Aliyehamishwa asipopata pa kufanyia biashara, atarudi usiku, na ana haki ya kurudi. Hilo halitatuliwi kwa matete.

Niwape na langu, la aibu. Miaka michache nyuma nilichora eneo la nje la taasisi moja, siitaji. Nikaweka bonde dogo la kunyonya maji ya paa, kina sentimita 40, limepinda vizuri, najivunia. Asubuhi nafika, halipo. Limesawazishwa kwa kifusi cha malori matatu na fundi ananisalimia kwa furaha: "Bosi, dereva wa kijiko alikosea levo, nimekusaidia." Nikaenda kwa mteja, mteja akasema ameona imependeza zaidi, tuweke pevingi. Mvua ya kwanza maji yakaingia stoo. Nikapigiwa simu mimi.

Kijiko Njano

Siyo mimi wakuu 😂 Naapa.

Mama Kibarazani

Kosa ni lako kijana. Ungemweleza fundi shimo la nini, angelilinda kuliko wewe.

Mchora Ramani

Ni kweli mama. Yu mwenyewe alitumia miaka akiwahutubia mameya, mamia ya mihadhara, hadi akachapa kitabu cha mazungumzo nao mwaka 2003. Nilikuwa nadhani ni kutafuta kazi. Sasa naelewa.

Nimalizie. Bustani ya Benjakitti, Bangkok, ilifunguliwa 2022 penye kiwanda cha zamani cha tumbaku: visiwa vidogo mamia, kila kimoja na mti wake, maji yanazunguka katikati. Mwaka 2023 akapewa tuzo ya kimataifa ya Oberlander, mojawapo ya kubwa kabisa kwa fani yetu. Septemba 23, 2025 alikuwa Brazil, ukanda wa Pantanal, ardhioevu kubwa kuliko zote za kitropiki, wanarekodi filamu kuhusu miji sponji. Ndege ndogo ikaanguka karibu na Aquidauana. Yeye, watengeneza filamu wawili na rubani, wote wanne wakafariki. Alikuwa na miaka 62.

Nilizisoma habari hizo ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Zege Halilali

Dah. Apumzike. Nitumie inbox mchoro wa lile bonde la sentimita 40, nina eneo la maegesho linanisumbua.

Ngoro ya Mbinga

Pole Mchora Ramani. Wiki ijayo naenda kwa bibi, ndiyo msimu wa kuandaa ngoro za maharage. Nimwombe apige picha?

Mchora Ramani

Picha sawa, lakini chukua na futi kamba. Nataka upana wa shimo, kina chake, na unene wa tuta. Pima ya juu ya mlima na ya chini, maana nina wasiwasi hazilingani.

Ngoro ya Mbinga

Nimempigia sasa hivi. Anasema hazilingani, na anauliza wewe umejuaje.